Siku Tisini za Bi Kuluthumu

4 Novemba 1974, Jumatatu

Daftari hili nilipewa ofisini kwa ajili ya barua zinazoingia. Barua zenyewe haziingii, basi naingia mimi. Naitwa Abasi Mussa, katibu wa kamati ya mikopo ya nyumba bora hapa Tabora mjini. Miaka arobaini na mitatu, mke mmoja, watoto watano, vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Ng'ambo. Naandika kwa sababu nina hasira, na mke wangu Zamda amenikataza kuwamwagia watoto.

Barua moja iliyoingia leo imetoka makao makuu Dar es Salaam. Wanamleta ofisa wa kupima kama mikopo yetu inawafikia watu wote kwa usawa: wanawake na wanaume, dini zote, mjini na vijijini. Atakaa wiki sita. Eti kupima usawa! Kama kuna kamati ya haki nchi hii, ni yetu. Mwombaji anapewa kiwanja, anachimba msingi na kufyatua matofali kwa nguvu zake. Kamati ikiridhika, Mfuko wa serikali unamkopesha saruji, mbao na mabati. Lakini sharti afike ofisini yeye mwenyewe, asimame mbele ya kamati, atie dole gumba. Akifa, mjane wake analirithi ombi, mradi naye afike ofisini ndani ya siku tisini. Asipofika, kiwanja na vifaa vinakwenda kwa anayefuata. Sheria ni msumeno.

Na anayefuata sasa hivi, niseme bila kuficha, ni mimi. Shaban, fundi baiskeli wa mtaa wa Isevya, alifariki tarehe 2 Oktoba, katikati ya Ramadhani, Mungu amrehemu. Msingi wake upo, matofali yake yapo. Mjane wake, Kuluthumu, hajafika. Siku tisini zinakwisha tarehe 31 Desemba. Nimesubiri miaka mitatu. Sikumwua Shaban mimi. Zamda sijamwambia lolote, maana mwaka juzi nilimwambia "tunakaribia" na alinunua mapazia.

6 Novemba

Ofisa amefika na treni ya asubuhi. Nilitegemea bwana mwenye mkoba, ameshuka mwanamke wa miaka thelathini hivi. Ndugu Flavia. Kaniamkia shikamoo mbele ya wapagazi wote wa stesheni, kisha kamwamkia na yule mama anayeuza vitumbua mlangoni pa ofisi yetu. Ofisa wa Dar! Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo, aibu imenishika.

8 Novemba

Nimemwandalia daftari la waliopata mikopo na wanaongoja zamu, limepigwa mistari vizuri, jina kwa jina. Akalifunua kurasa mbili tu, akalifunga.

"Kazi safi sana, Ndugu Abasi. Sasa naomba la walionyimwa."

"La walionyimwa hatuna."

"Faili zao ziko wapi?"

Ziko kwenye gunia, stoo, nyuma ya pipa la chokaa. Nilidhani ataghairi. Ala! Kajifunga kanga juu ya gauni lake, kaketi sakafuni, na mpaka saa tisa alasiri alikuwa anapanga karatasi zilizotafunwa na panya. Dar hawana viti?

9 Novemba

Bado yuko sakafuni.

13 Novemba

Tulikwenda Kigwa na treni. Nilimpeleka kusudi nimfunge mdomo. Pale yupo Paskazia, mjane, Mkatoliki, mkulima wa karanga, nyumba yake ya mabati inang'aa mpaka unaziba macho. Ombi lilikuwa la mumewe. Flavia alimwamkia Kinyamwezi, mwangaluka, wakashikana mikono utadhani dada na mdogo wake.

"Mume wangu tulimzika Jumamosi," alisema Paskazia. "Matanga yalipokwisha tu, nikapanda treni. Nikamkuta huyu Bwana Abasi, akanionyesha pa kutia dole. Alinipa na maji ya kunywa."

Nilivimba kichwa, sikatai. Lakini Flavia ana swali lake moja, anauliza kila tunapokwenda, na pale pia aliliuliza, kwa upole kabisa: "Na nani hayupo hapa?" Wanakijiji wakatazamana. Nami nikatazama saa, maana treni haimsubiri mtu.

Flavia anaendesha baiskeli. Nimemwona akitoka stesheni mpaka Misheni, gauni amelikunja, kengele inalia. Zamda alipohadithiwa alicheka akasema, "Na wewe umemwacha aende peke yake?" Sina baiskeli mimi. Niliiuza mwaka juzi ninunue fremu za madirisha ya nyumba ambayo sina.

20 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Leo kumetokea jambo, na nitaliandika kama lilivyo.

Flavia alipanga faili saba juu ya meza. Wajane saba tangu kamati ianze. Wanne wamepata mikopo, Paskazia akiwa mmoja wao. Watatu wameandikwa neno moja tu kwa wino mwekundu: HAKUFIKA. Mwandiko ni wangu.

"Nilidhani nitakuta wanawake wananyimwa," alisema. "Kumbe wanapata. Nimefurahi. Ila hawa watatu sijawaelewa. Wote wa hapa mjini, ofisi iko karibu kuliko Kigwa. Walikuwa na nini, Ndugu Abasi?"

Nikatazama majina. Amne. Mwana Hawa. Siwema. Nikajua papo hapo. Wanne waliopata ni Wakristo. Hawa watatu ni wa dini yangu, na mjane wa dini yangu anakaa eda. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi ndani ya nyumba, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Mama yangu alikaa. Dada yangu alikaa. Siku tisini ni miezi mitatu. Hesabu hizi mbili nimezibeba kichwani miaka mitatu na sikuwahi kuzikalisha pamoja!

Nikamjibu, "Pengine uvivu."

Astaghafirullahi. Nimesema uvivu. Nimesema hivyo kwa sababu Kuluthumu naye yuko ndani ya eda, na siku zake zimebaki arobaini na moja, na mimi ndiye anayefuata.

21 Novemba

Sikula mchana. Zamda kanishika paji la uso akauliza kama nina homa.

22 Novemba, Ijumaa

Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta Flavia amekaa chini mlangoni na yule mama wa vitumbua, wanakula. Akaniita.

"Ndugu Abasi, huyu mama unamfahamu?"

"Namfahamu. Kila siku nanunua kwake."

"Jina lake nani?"

Mwaka mzima nimekula vitumbua vya mtu, jina lake silijui. Mama yule akafuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, halafu akasema, "Mimi ndiye Amne, baba. Yule ambaye hakufika."

Ningetamani ardhi ipasuke. Alieleza bila kupandisha sauti. Alimaliza eda siku ya Jumatano, Alhamisi asubuhi akaja ofisini na cheti cha kifo. Karani wa dirishani akamwambia, mama, umechelewa, kiwanja kimepewa mtu. "Na wewe ulikuwa pale nyuma yake, baba, hukuinua uso. Ulikuwa unapiga mistari." Sasa analala jikoni kwa kaka yake, na watoto wake amewagawa kwa ndugu.

"Na kwa nini unauzia hapa?" nikauliza, ujinga wangu.

"Watu wa ofisi wana njaa," akasema Amne. Flavia akacheka, naye akacheka, mimi peke yangu sikucheka.

Nilimwambia Flavia yote pale pale: eda, hesabu, na lile neno uvivu. Nilitegemea anichambe. Alisema tu, "Asante. Mimi nisingeijua hesabu hiyo hata ningekaa hapa mwaka." Halafu akaandika. Ananiudhi, mwanamke huyu. Angenitukana ningepumua.

Ila sikumwambia anayefuata ni nani.

27 Novemba

Tumekwenda Isevya kwa Bi Kuluthumu. Nyumba ni ya zamani, ya fito na udongo, ukuta wa upande wa mashariki umetoa tumbo. Uani kuna msingi wa Shaban na matofali yake mabichi, ambayo hayajachomwa, yamefunikwa nyasi na majamvi. Flavia aliingia ndani. Mimi nilikaa barazani, na pazia katikati, kama inavyopasa.

Nikaona nimletee suluhisho, nimalize kazi kwa heshima. Nikasema, "Bi Kuluthumu, pole kwa msiba. Masheikh wanasema mjane akiwa na dharura anaweza kutoka mchana akarudi kabla ya jua kuzama. Uje ofisini mara moja tu, utie dole."

Sauti yake ikatoka, kavu, haina papara.

"Ruhusa hiyo naijua, Bwana Abasi. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Ruhusa ni ya mtu asiye na namna. Asiye na wa kumchotea maji, huyo atoke. Mimi dharura yangu iko wapi? Ofisi yenu iko mwendo wa robo saa. Kamati ina miguu."

"Taratibu zinasema ofisini, dada yangu."

"Shaban nilikaa naye miaka kumi na tisa. Sitamkatia eda kwa mifuko ya saruji. Nyumba ikienda, iende."

Sauti yake ilishuka kidogo aliposema iende. Nilisikia. Alikuwa anaitaka nyumba ile kuliko mimi ninavyoitaka, na bado aliweka kitu kingine mbele yake. Nimefika umri huu sijawahi kumwogopa mtu aliye nyuma ya pazia, leo nimemwogopa. Na nimempenda, Mungu anisamehe, kama unavyompenda mtu mwenye msimamo. Flavia alitoka macho mekundu.

2 Desemba

Flavia amepeleka hoja kwa mwenyekiti wetu, Mzee Alois, mstaafu wa reli. Si mtu mbaya. Alifanya kazi stesheni miaka thelathini, na kwake yeye dunia ina waliowahi treni na waliochelewa.

"Binti yangu," akamwambia, "asiyekuwapo na lake halipo. Leo tukienda kwa mjane, kesho mlemavu atatuita, keshokutwa mkulima atatuita shambani."

"Ndiyo, mzee," akajibu Flavia. "Nao wameachwa. Mlemavu mmoja nimemkuta kwenye gunia."

Mzee akakohoa. Akasema tungoje jibu la Dar. Flavia alituma ripoti yake ya kwanza leo hii hii. Jibu la Dar! Mimi naijua Dar. Siku zimebaki ishirini na tisa.

9 Desemba

Gwaride la Uhuru limenyeshewa. Tulipotoka uwanjani nilipita Isevya, sijui miguu ilinipelekaje. Maji yalikuwa yanatiririka uani kwa Shaban, na wanawake kama kumi na wawili, wenzake Kuluthumu wa chama chao cha ngoma ya lelemama, wanahamisha matofali kuyapeleka barazani, mkono kwa mkono, huku wanaimba. Nguo zao za sherehe zote matope. Amne alikuwamo. Mvua ilishayala karibu theluthi, yamerudi kuwa udongo. Kuluthumu mwenyewe alikuwa dirishani, ameshika nondo, anawahesabia kwa sauti ili wasichoke. Hakutoka hata unyayo.

Nilivua koti nikaingia kwenye mstari. Hakuna aliyenishangaa, wala hakuna aliyenishukuru. Zamda aliuliza shati limefanya nini. Nikasema gwaride.

14 Desemba

Dar kimya. Mvua.

18 Desemba

Flavia ameondoka. Nilimsindikiza stesheni. Ametembea mji huu wiki sita, ameketi chini kwenye kila uwanja, ameuliza swali lake lile lile mpaka watoto wa Isevya wanamwiga. Hajampandishia mtu sauti. Mwanzoni nilidhani ni unyonge. Sasa najua mtu huyu ana nguvu za kusikiliza jambo mpaka mwisho, na nguvu hizo mimi sina.

Tulipokuwa tunangoja, nikaona sina budi. "Ndugu Flavia, anayefuata baada ya Kuluthumu ni mimi."

"Najua," akasema. "Niliona jina lako siku ile ya daftari, kwenye zile kurasa mbili."

"Na hukusema?"

"Nilikuja kupima kanuni. Wewe ulijua hesabu ya eda, ukanipa mwenyewe. Ungeweza kunyamaza mpaka leo."

Nilishindwa kumtazama. Akapanda behewa, akainama dirishani. "Mkutano wa kamati anauitisha nani?"

"Katibu."

"Na mahali pa mkutano anapanga nani?"

Treni ikapiga honi. Hakungoja jibu, akanipungia.

19 Desemba

Anapanga katibu. Kila mmoja ofisini anajua.

22 Desemba

Jana niliwatazama watoto wamelala, watano, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mkubwa ana miaka kumi na sita sasa, binti, anavalia nguo nyuma ya kabati. Mtu asiniambie kwamba haki ni jambo jepesi. Haki nayo ina wa kuilipia, na pengine wa kuilipia ni huyo binti. Nimemkasirikia Flavia, na Shaban kwa kufa, na Dar. Siku zimebaki tisa.

25 Desemba

Jana ilikuwa Idi ya kuchinja, leo Krismasi, mji mzima unanukia pilau. Nimetumia fursa ya ofisi kuwa tupu. Nimeandika:

"Mkutano wa kamati utafanyika Jumatatu tarehe 30 Desemba, saa nne asubuhi. Mahali: nyumbani kwa marehemu Shaban, Isevya."

Nikapiga mhuri kabla mkono haujaghairi.

27 Desemba

Mzee Alois kanijia na tangazo mkononi. "Abasi, umeugua?" Nikamwambia kanuni inataka mwombaji awe ofisini, na ofisi ni meza, mhuri na kamati. Vyote vinabebeka. Akasema, "Unajua kiwanja kile kinakwenda kwa nani asipotokea?" Nikasema, "Najua, mzee. Ndiyo maana nataka atokee." Akakunja karatasi akaondoka, hakusema atakuja wala hatakuja.

30 Desemba, Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Tulibeba meza mimi na tarishi, mhuri nimeufunga kwenye mfuko wa nailoni. Saa nne, wajumbe watatu wamefika. Mzee Alois hayupo, na bila yeye mkutano si mkutano. Saa nne na nusu, hayupo. Wanawake wa chama wamejaa uani, chini ya makuti, wananitazama mimi.

Saa tano kasoro robo akaonekana, mwavuli umegeuzwa na upepo, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi. Mzee wa miaka sabini! Nikakimbia kumpokea. "Mto umekata njia ya chini," akasema, "nimezungukia relini. Msinitazame hivyo, nimewahi sijawahi?"

"Umewahi, mzee!" wakapokea wanawake kwa vigelegele, mpaka akaona haya.

Akanawa miguu, akaketi, akageukia pazia. Sauti aliyoitumia sijawahi kuisikia ofisini. "Bi Kuluthumu, pole kwa kufiwa. Shaban alinitengenezea baiskeli miaka mingi. Sisi kamati tumekuja kwako. Tumechelewa, utuwie radhi."

Tukauliza maswali yote, hakuna lililorukwa. Amne aliingia ndani akathibitisha kwamba ndiye, akapeleka kidau cha wino chini ya pazia. Karatasi ikarudi. Dole limetulia katikati ya kisanduku, halikupaka wino nje hata kidogo. Mzee akasoma uamuzi: saruji, mbao na mabati, kwa jina la Kuluthumu, mjane wa Shaban. Nyuma ya pazia tukasikia kilio, cha kwanza tangu tufike. Kisha akasema, "Bwana Abasi, Mungu akujengee." Huyu mama hajui mimi ni nani kwenye orodha. Au anajua.

Nimeandika muhtasari. Jina langu limerudi palepale lilipo, kungoja kiwanja kingine.

3 Januari 1975

Amne kanipa vitumbua sita, kakataa fedha. Nimemlazimisha.

29 Januari

Jibu la Dar limeingia! Siku tisini sasa zinaanza kuhesabiwa pale mjane anapotoka eda au matanga, kwa mila na dini yake, na asiyeweza kufika atafuatwa. Na walioandikwa HAKUFIKA wapewe nafasi upya, wakitangulia wengine wote. Maana yake Amne, Mwana Hawa na Siwema wako mbele yangu. Nimekuwa wa nne! Nilicheka peke yangu ofisini kama mwendawazimu. Ripoti ya Flavia ina kurasa kumi na moja, na katika ukurasa wa saba imeandikwa kwamba hesabu ya eda ililetwa na katibu wa Tabora. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko inavyopendeza kusema.

8 Februari 1975

Bi Kuluthumu ametoka eda jana. Leo wanawake wamekwenda kumwogesha na kumpongeza, Zamda naye kaalikwa. Sikuweza kumzuia. Najua wanawake wakikaa pamoja hakuna siri.

Alirudi alasiri, mikono imepakwa hina. Hakukaa. Akasimama mlangoni.

"Amne kanieleza. Kile kiwanja kilikuwa chetu."

"Kilikuwa cha Kuluthumu."

"Kingekuwa chetu, Abasi. Ulikuwa unyamaze kimya siku sita tu, toka Krismasi mpaka mwisho wa mwaka."

"Siku sita."

"Na miezi mitatu hukuniambia. Mwanamke nimelala na wewe hapa, nakushika paji la uso, nadhani una homa!"

Nikamwambia niliogopa. Nilimwambia habari ya binti na kabati. Akavua ushungi, akaukunja, akaukunja tena, na mimi nangoja hukumu nimeshika magoti. Nimesimama mbele ya mkuu wa mkoa sikuogopa hivi.

Hatimaye akaketi kando yangu mkekani. "Nilikuwa namtazama Kuluthumu wanapomvisha," akasema. "Amekaa eda yake yote, siku kwa siku, hakuna aliyemtoa. Na nyumba anayo. Basi nisikilize. Siku ukinitangulia, na mimi nitakaa yangu mpaka siku ya mwisho. Na karani yeyote atakayekuwapo, atanifuata humu humu ndani, atanipa pole kwanza, ndipo atoe wino."

"Inshallah," nikaitikia haraka, kwa furaha. Kisha nikakumbuka nimeitikia kufa kwangu mwenyewe. Zamda kanitazama, mimi nimemtazama, tukaangua kicheko mpaka binti yetu akatoka nyuma ya kabati kuuliza kuna nini. Mama yake akamwambia aje akae, baba yake ana jambo la kumweleza.